Chama, Umati na Mtu Maarufu: Mafunzo ya Tabora

Kila chama kilichokaa madarakani kwa muda mrefu hukutana, mapema au baadaye, na mtu wa aina moja. Vikao havikumpandisha, au kama vilimpandisha ameacha kuvitii. Nguvu zake hazitoki katika shina wala tawi. Zinatoka katika umati unaokusanyika kumsikiliza. Husema kwa sauti kubwa yale ambayo wanachama wamekuwa wakiyanong'ona kwa muda mrefu. Anapojitokeza kugombea uongozi, wakubwa wa chama hugawanyika. Wapo wanaomwona mwasi, wapo wanaomwona mwokozi, na wapo wanaosubiri kuona upepo unaelekea wapi ndipo watamke msimamo wao.

Siasa ya mtu huyu tutaiita siasa ya umaarufu. Nayo hali ya chama kinachoshughulika zaidi na kulinda viti kuliko kutimiza malengo yaliyokifanya kiundwe, tutaiita uhafidhina. Uhafidhina si jina la chama fulani, wala haungoji chama kiwe cha mabepari. Hata chama kilichozaliwa katika mapambano huweza kuingiwa na uhafidhina, kama vile nyumba nzuri inavyoingiwa na mchwa.

Makada wengi, hasa vijana walioko vyuoni, hulieleza jambo hili kwa wepesi. Husema kwamba mtu maarufu ndiye aliyekigawa chama. Sisi tunasema kwamba maelezo hayo yanageuza chanzo kuwa matokeo. Mtu maarufu hupita mahali palipokwisha kupata ufa, na ufa huo huletwa na uongozi wenyewe unapojitenga na wanachama na kuacha malalamiko ya haki bila jibu. Tutalithibitisha hilo kwa historia ya mahali pamoja, yaani Tabora na njia ya zamani ya misafara, kisha tutaona jinsi lilivyojirudia katika nchi yetu.

BARABARA YA MISAFARA: UGOMVI USIO NA KIKAO

Katika karne ya 19 njia kuu ya kutoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo, ikaingia Unyamwezi kwa Tura, Rubuga na Kigwa, hadi Unyanyembe, mahali panapoitwa leo Tabora. Kutoka hapo njia moja ilielekea Ujiji na nyingine ilipanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu na watumwa waliteremshwa pwani. Nguo, shanga, bunduki na baruti zilipandishwa bara. Mzigo wote huo ulibebwa mabegani na vichwani na wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi.

Utajiri huo ulizaa tabaka la wakubwa la aina mbili. Walikuwapo watemi na jamaa zao, na walikuwapo wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani waliojenga makao Tabora na Kwihara. Maslahi yao yalifungamana. Mtemi alitoa ardhi na ulinzi, na mfanyabiashara akatoa nguo na bunduki.

Mtemi Fundikira alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1850, utemi wa Unyanyembe ulishikwa na Mnywa Sele. Yeye aliamua kutoza ushuru bidhaa za wafanyabiashara wageni. Kwa mtawala hilo lilikuwa jambo la haki, kwani mali ilikuwa ikipita katika nchi yake. Kwa wafanyabiashara, lilikuwa uasi. Wakamwondoa kwa nguvu za bunduki mnamo 1860 hivi, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Unyanyembe ikagawanyika pande mbili. Mnywa Sele akaingia porini na wafuasi wake, akaisumbua njia ya misafara kwa miaka kadhaa. Speke alipopita mwaka 1861 alikuta vita hivyo vikiendelea, akajaribu kuwapatanisha akashindwa. Mnywa Sele aliuawa mwaka 1865.

Hazikupita siku nyingi akatokea Mirambo wa Urambo. Huyu hakuwa wa ukoo wa Unyanyembe wala hakuwa mtu wa Tabora. Aliwakusanya vijana wa rugaruga, wengi wao wakiwa watu waliong'olewa makwao na vita na biashara, akawapa silaha na tumaini la kupata chao katika mali iliyokuwa ikiwapita. Mwaka 1871 alipigana na wafanyabiashara wa Tabora, na njia ya kwenda Ujiji ikafungwa. Stanley aliyekuwa akimtafuta Livingstone alilazimika kuzunguka kusini ndipo akafika Ujiji. Wakubwa wa Tabora wenyewe hawakuwa na kauli moja juu ya kupigana naye au kupatana naye. Mirambo alifariki Desemba 1884, na haikuchukua miaka mingi dola aliyoijenga kwa nguvu zake mwenyewe ikasambaratika.

Hatusemi kwamba Mnywa Sele na Mirambo walikuwa wagombea wa kura. Tunataka kada aone jambo moja tu. Katika habari hizo mbili palikuwa na lalamiko la kweli: mali ilipita, na wenye nchi na wabeba mizigo wakabaki na jasho. Lakini hapakuwa na kikao cha kulijibu lalamiko hilo. Pasipo na kikao, bunduki huamua. Na pale nguvu zote zinapokaa kwa mtu mmoja, zinazikwa pamoja naye.

TABORA, JANUARI 1958

Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 iliwastaafisha wapagazi, ikaufanya mji kuwa njia panda ya kwenda Kigoma na baadaye Mwanza. Ni katika mji huo huo wa njia panda ambapo wajumbe wa TANU walikutana katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Januari 1958, wakiwa katika njia panda ya siasa.

Suala lililokuwa mbele yao lilikuwa kura tatu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria ambamo kila mpiga kura angelazimika kuchagua watu watatu kwa pamoja: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wazungu wapatao 20,000 walipewa viti sawa na Waafrika zaidi ya milioni 8. Zaidi ya hayo, mpiga kura alitakiwa awe na umri wa miaka 21, na awe na mapato ya paundi 150, yaani shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au awe ameshika cheo fulani kilichotajwa. Mkulima wa kawaida wa Nzega au Urambo hakuwa na nafasi. Watu walioandikishwa nchi nzima hawakufika hata 100,000.

Hapakuwa na mjumbe aliyeipenda kura tatu. Tofauti ilikuwa juu ya njia. Upande mmoja ulisema TANU isusie. Kushiriki, walisema, ni kukubali matusi, ni kuuza haki ya Mwafrika mwenye nchi. Waliosema hivyo hawakuwa watu wa ovyo. Miongoni mwao alikuwamo Zuberi Mtemvu, mmoja wa makatibu wa mwanzo wa TANU, na Bhoke Munanka wa Jimbo la Ziwa. Wajumbe wa Ziwa walikuwa na uchungu wao, kwani kwa miaka kadhaa TANU ilikuwa imepigwa marufuku katika sehemu za Usukuma. Maneno yao yaliuingia moyo wa kila mjumbe kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Upande wa pili ulioongozwa na Mwalimu Nyerere ulisema TANU ishiriki. Hoja yake ilikuwa nzito ingawa haikuwa tamu. TANU ikisusia, viti vyote vitachukuliwa na wagombea wa UTP, chama kilichoundwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana Twining ili kuizuia TANU. Tena katika kura tatu yenyewe ulikuwamo udhaifu ambao mkoloni hakuupima vizuri. Kama wapiga kura Waafrika watapiga kura kwa umoja, ndio watakaoamua ni Mzungu gani na ni Mwasia gani atakayeingia Barazani. Panga alilonoa adui linaweza kushikwa mpini. Wazee waliohudhuria wamesimulia mfano uliotumika pale: mtu mwenye shamba ng'ambo ya tope hawezi kulifikia bila kuichafua kanzu yake.

Mkutano ulibishana kwa siku kadhaa, na mwisho ulipiga kura. Walioshinda ni wale waliotaka kushiriki. Uamuzi huo ndio unaoitwa Uamuzi wa Busara wa Tabora.

Tuusome uamuzi huo kwa makini, maana wengi huusifu bila kuueleza. Haukusema tu, «Tushiriki». Ulikuwa na upande wa pili. Kama serikali ya kikoloni haitakuwa imeahidi serikali ya madaraka hadi mwisho wa 1959, TANU itaingia katika hatua za vitendo, yaani migomo na ususiaji wa nchi nzima. Kwa maneno mengine, waliotaka kususia hawakuambiwa kwamba hasira yao ni ya kijinga. Waliambiwa kwamba hasira yao ni ya haki, wakapewa mpango na wakapewa tarehe. Hapo ndipo busara ya Tabora ilipo.

Matokeo yalifuata. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea wa TANU na waliungwa mkono na TANU wakashinda. Miongoni mwao walikuwamo Derek Bryceson, Amir Jamal, Sophia Mustafa na Lady Chesham. UTP ikafa. Mwaka 1959 mawaziri watano walitoka kwa wajumbe waliochaguliwa, na mmoja wao alikuwa Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe. Kiti cha utemi kilichowapiganisha watu kwa bunduki miaka 100 nyuma, sasa kilikuwa kimeingia katika serikali kwa kura. Desemba 1959, Gavana Turnbull alitangaza kwamba serikali ya madaraka itafuata uchaguzi wa 1960. Tarehe iliyowekwa Tabora haikupita bure.

NJIA MBILI: MTEMVU NA MUNANKA

Mtemvu hakukubali. Alitoka TANU mwaka 1958 akaunda African National Congress, chama kilichodai Afrika iwe ya Waafrika peke yao. Ulikuwa wito mwepesi kuusema jukwaani na mwepesi kushangiliwa. Kwa mtazamo wa juu juu, ulikuwa na kila sababu ya kukigawa Chama: rangi ndiyo iliyokuwa imetumika kumnyima Mwafrika shule, mshahara na kiti, kwa nini basi rangi isitumike kumrudishia?

Lakini umati haukumfuata. Katika uchaguzi wa Agosti 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na ANC haikupata hata kimoja. Katika uchaguzi wa Rais wa Novemba 1962, Mtemvu alisimama peke yake dhidi ya Mwalimu. Mwalimu alipata zaidi ya asilimia 98 ya kura. Mwaka 1963, mwaka ambao TANU iliamua kufungua milango yake kwa raia wa rangi zote, Mtemvu alirudi TANU.

Munanka naye alikuwa amebishana kwa ukali ule ule. Aliposhindwa alibaki, akaendelea kufanya kazi, akaja kushika madaraka katika Chama na katika Serikali. Wote wawili walikuwa na lalamiko moja. Mmoja aliona kikao kimemnyima ushindi. Mwingine aliona kikao kimempa jibu.

Ni lazima tuseme pia kwamba ufa haukuzibwa mara moja ukaisha. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, wabunge kadhaa walitaka uraia utolewe kwa rangi. Mwalimu alisema serikali yake itajiuzulu likipita jambo hilo, na halikupita. Lakini alielewa kwamba kura ya Bungeni haikumaliza kunung'unika kwa makarani, walimu na wafanyakazi wa reli waliowaona wakoloni bado wamekalia ofisi zile zile. Januari 1962 aliacha Uwaziri Mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akarudi kwenye matawi ya TANU. Serikali ya Kawawa iliharakisha kuwapa Waafrika nafasi za kazi. Uongozi ulijua kwamba kumshinda mnung'unikaji hakutoshi, mpaka linung'unikiwalo lipungue.

MLANGO WA WANACHAMA

Uchaguzi wa 1960 ulikuwa na somo jingine dogo ambalo hutajwa mara chache. Kiti kile kimoja kati ya 71 kilichoponyoka kilikuwa cha Mbulu. Hakikuchukuliwa na adui wa TANU. Kilichukuliwa na Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama dhidi ya mgombea aliyeteuliwa rasmi na Chama, Chifu Amri Dodo. Wananchi wa Mbulu hawakuikataa TANU. Walikataa chaguo la wakubwa wa TANU. Baada ya kushinda, Sarwatt alikaa Bungeni pamoja na TANU.

Chama kilijifunza. Kilipofika uchaguzi wa 1965, chini ya mfumo wa chama kimoja, wananchi waliwekewa wagombea wawili wa TANU katika jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, isipokuwa pale ambapo mgombea alipita bila kupingwa. Kampeni ziliendeshwa na Chama, si kwa fedha za mgombea. Wabunge wengi waliangushwa. Hata Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mmoja wa wajenzi wa ushirika wa pamba katika Kanda ya Ziwa, alikataliwa na wapiga kura. Hapo mwananchi alipata njia ya kumwadhibu kiongozi bila kukivunja Chama.

Hata hivyo mlango huo haukuwa wazi wote. Neno la mwisho juu ya nani awe mmoja wa wale wawili lilibaki kwa Halmashauri Kuu ya Taifa. Na mwaka 1968 Halmashauri Kuu iliwafukuza wabunge kadhaa katika Chama, akiwamo Joseph Kasella Bantu wa Nzega, ambaye alikuwa mmoja wa waasisi 17 wa TANU. Nidhamu ya Chama ni lazima iwepo. Chama kisicho na nidhamu ni kundi la wapita njia. Lakini kada anayesoma historia hana budi kutofautisha mambo mawili: kumwondoa msemaji, na kulijibu neno lake. La kwanza hutimizwa kwa kikao cha siku moja. La pili ni kazi ya miaka.

BAADA YA 1992

Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 ulibadili jambo moja kubwa katika hesabu hii. Zamani, aliyekataliwa na vikao alikuwa hana pa kwenda. Sasa alikuwa na mlango wa pili, na nyuma ya mlango huo kulikuwa na wenyeji waliomngoja kwa hamu.

Wa kwanza kuupita kwa kishindo alikuwa Augustine Mrema. Alikuwa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Mambo ya Ndani, akajulikana kwa kutoa amri za siku saba na kufika mwenyewe penye malalamiko. Lalamiko alilolibeba lilikuwa rushwa na jeuri ya wenye mali. Mapema mwaka 1995 aliondoka CCM akajiunga na NCCR-Mageuzi. Katika uchaguzi wa Rais wa Oktoba 1995 alipata kura 1,808,616, karibu asilimia 28, na Benjamin Mkapa wa CCM akapata kura 4,026,422, karibu asilimia 62. Tofauti na Mtemvu iko wazi. Mtemvu aliondoka Tabora baada ya Chama kulijibu lalamiko lake. Mrema aliondoka huku lalamiko lake likiwa bado limelala mezani. Mwalimu mwenyewe mwaka huo alizunguka nchi akizitaja nyufa za taifa, na rushwa ilikuwa mojawapo.

Tabora haikukosa kuonja jambo hilo. Mwaka 2011 CCM ilitangaza kwamba itajivua gamba, maana yake kuwaondoa katika uongozi watu waliokipaka Chama sifa mbaya. Julai mwaka huo mbunge wa Igunga, Rostam Aziz, alijiuzulu nafasi zake. Katika uchaguzi mdogo wa Oktoba 2011, CCM ilibaki na Igunga kwa tofauti ya kura zisizofika 4,000 dhidi ya CHADEMA, katika wilaya iliyokuwa ikihesabiwa kuwa ngome. Mtu aliondoka na kura zikapungua. Ni wazi kwamba wapiga kura walikuwa wakiuliza swali ambalo kujiuzulu kwa mtu mmoja hakukulijibu.

Kisha ukaja mwaka 2015. Julai, mjini Dodoma, vikao vya juu vya CCM vililiondoa jina la Edward Lowassa, Waziri Mkuu aliyejiuzulu Februari 2008 katika sakata la Richmond, wakati wa kupunguza waombaji wa urais kuwa watano. Wajumbe wa Halmashauri Kuu waliimba ukumbini kuonyesha imani yao kwake. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitenga hadharani na uamuzi huo. Kabla mwezi haujaisha, Lowassa alikuwa CHADEMA. Oktoba alipata kura 6,072,848, karibu asilimia 40, dhidi ya kura 8,882,935 za John Magufuli.

Hapa wengi huishia kutazama CCM. Sisi tunamwomba msomaji atazame pia nyumba iliyompokea mgeni. CHADEMA ilikuwa imejijenga kwa miaka mingi juu ya kupinga ufisadi, na Lowassa alikuwa mmoja wa watu iliowataja hadharani mwaka 2007. Ilipompokea kwa ajili ya umati wake, Katibu Mkuu wake, Dk. Willibrod Slaa, aliondoka. Prof. Ibrahim Lipumba naye aliacha uenyekiti wa CUF, chama mshirika, na baadaye CUF ikaingia katika mgogoro mrefu. Mwaka 2019 Lowassa alirudi CCM. Vivyo hivyo NCCR-Mageuzi ilivyompokea Mrema: iligawanyika kwa ugomvi wa uongozi, Mrema akahamia TLP mwaka 1999, na katika uchaguzi wa 2000 akapata chini ya asilimia 8. Chama kinachoazima umati wa mtu hulipa kwa riba, na riba yenyewe ni umoja wake.

Na tazama pia njia ya Munanka ilivyorudi. Kati ya wale watatu waliopinga Dodoma, Nchimbi alibaki ndani ya Chama, na Januari 2024 akawa Katibu Mkuu wake. Chama kinachoweza kumbakiza mpinzani wake wa ndani hupata kiongozi. Kinachomsukuma nje humpatia jirani mgombea.

KWINGINEKO DUNIANI

Jambo hili si la Afrika peke yake. Mwaka 2016 chama cha Republican cha Marekani, chama cha wahafidhina na cha matajiri wakubwa, kilitekwa na Donald Trump, mfanyabiashara ambaye hakuwa ameshika cheo chochote cha kuchaguliwa. Wakubwa wa chama walikuwa na mgombea waliyemtaka, Jeb Bush, mtoto wa rais na ndugu wa rais, mwenye fedha nyingi za kampeni. Aliondoka mapema katika kinyang'anyiro. Mitt Romney, aliyekuwa mgombea wao mwaka 2012, alisimama hadharani kumpinga Trump, asisikilizwe. Wafanyakazi wa miji iliyofungiwa viwanda walikuwa wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu mikataba ya biashara iliyowapotezea kazi, na viongozi wa chama chao ndio walioitetea mikataba hiyo.

Tofauti na sisi iko katika mlango. Kule wapiga kura wa chama huteua mgombea moja kwa moja jimbo kwa jimbo, kwa hiyo mgeni aliingia akaichukua nyumba. Kwetu uteuzi hupita katika vikao, kwa hiyo mgeni hutoka akaenda kwa jirani. Wapo wanaodhani kwamba kwa sababu hiyo mlango wetu ni salama zaidi. Hawajui kwamba mlango, uwe mpana au mwembamba, hauzibi ufa wa ukutani. Vikao vinaweza kumzuia mtu. Haviwezi kuzuia sababu zilizomletea watu.

KAZI YA KADA

Kutokana na historia hii twaweza kupata kipimo cha kutumia kila anapotokea mtu maarufu, iwe katika kata, wilaya au taifa. Kada asianze kwa kuuliza, «Huyu ametumwa na nani?» Swali hilo lina mahali pake, lakini mara nyingi huwa ni namna ya kuukwepa ukweli. Aanze kwa kuuliza: anasema nini ambacho watu wanakiitikia, na je, ni kweli?

Kama si kweli, kazi ni ya elimu. Kama ni kweli, kazi ni kubwa zaidi, maana maneno ya kweli hayashindwi kwa kumkataa msemaji. Lalamiko lipelekwe kwenye kikao halali, lijadiliwe na wanaolipinga na wanaoliunga mkono, na jibu litoke likiwa na mpango na tarehe, kama lilivyotoka Tabora. Jibu lisilo na tarehe ni ahadi ya jukwaani, na katika ahadi za jukwaani mtu maarufu atatushinda siku zote, kwani huo ndio ufundi wake.

Kisha zipimwe dawa anazoleta. Hapa ndipo siasa ya umaarufu hukosea mara nyingi. Mtemvu alisema kweli juu ya matusi ya kura tatu, lakini dawa yake, nchi ya rangi moja, ingeleta ubaguzi ule ule kwa sura nyingine. Ni wajibu wa Chama kukubali maumivu na kukataa dawa mbaya kwa pumzi moja. Uongozi unaokataa vyote viwili huonekana hauna huruma. Na unaokubali vyote viwili kwa kuogopa umati umekwisha kuacha kuongoza.

Mwisho, tusidanganyike na utulivu. Ukimya wa wanachama si ushahidi wa umoja. Unyanyembe ilikuwa kimya kwa miaka mingi huku misafara ikipita, wapagazi wakibeba na watemi wakipokea nguo zao. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mtu maarufu hatasubiri ukuta huo umalizike. Kila tawi linalokutana kwa ratiba, kila kikao kinachosoma malalamiko ya mwanachama wa kawaida na kuyajibu kwa maandishi, kila kiongozi anayeondolewa kwa kura ya wanachama kabla hajachukiwa na nchi nzima, ni kiganja cha udongo katika ufa huo. Kazi hiyo haishangiliwi na umati, na hakuna atakayebebwa juu juu kwa ajili yake. Lakini wajumbe wa Tabora walipoondoka kwa gari moshi Januari 1958, walirudi kuifanya kazi hiyo hiyo katika majimbo yao, na chini ya miaka 4 baadaye bendera ya mkoloni ilishushwa.